Alfajiri Bombay, Adhuhuri Mtoni

Watu wanaosema ndege imeifupisha dunia hawajawahi kumngoja walii wa kuwaoza. Nawasikia kila siku. Wajukuu zangu wenyewe wananiambia, bibi, siku hizi mtu anakunywa chai hapa, chakula cha mchana anakula Uarabuni. Nawaitikia tu, maana ukibishana na mtoto mwenye simu unajichosha bure. Lakini moyoni nakasirika, na nina haki ya kukasirika. Ndege inamfupishia dunia mtu mwenye tiketi mkononi. Asiye nayo inampita juu ya bati na kumwachia kelele.

Kwetu ni Mtoni, Temeke. Nyumba yetu ilikuwa karibu kabisa na barabara ya Kilwa, njia ileile inayokwenda mpaka Lindi walikozaliwa wazazi wangu. Mabasi ya kusini yalipita mbele yetu yamebeba magunia na kuku. Ndege nazo zilipita juu yetu zikienda kutua, chini kiasi kwamba mama alikuwa akisikia mngurumo anafunika chungu cha mchuzi, eti zisije zikamwangushia uchafu. Baba alikuwa kuli bandarini. Alifariki miaka michache baada ya Uhuru, akatuacha watatu: mama, kaka yangu na mie.

Kaka alikuwa fundi mitambo. Wakati ule nchi ilikuwa imeamua kujitegemea, na ili tujitegemee ikabidi vijana wapelekwe kwa watu wakajifunze. Yeye akapelekwa Bombay. Siku ya kuondoka, mtaa mzima ulimsindikiza kiwanja cha ndege, wengine kwa miguu, na mama alipunga kanga mpaka ndege ikapotea kabisa mawinguni. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu. Tiketi aliyopewa ilikuwa ya kwenda tu. Ya kurudi angepewa baadaye. Hilo lilisemwa harakaharaka, nasi tukaitikia ndiyo, kwa sababu nani angeikataa heshima ile?

Mwaka wa pili nikapata mchumba. Nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima nyakati za jioni, na yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyesimamia madarasa yetu. Mtu wa Tabora, Mwislamu, mpole, anayecheka kwa macho kabla ya mdomo. Wazee wake wakaja kuposa. Mama akaridhika, mie nilikuwa nimesharidhika zamani. Kabla hatujapanga siku ya harusi, mwalimu akahamishwa. Alitakiwa akafungue shule katika kijiji cha ujamaa huko bara ya Lindi, na awe amesharipoti kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Shaabani ilikuwa imeshaanza. Kama angeondoka hatujafunga ndoa, mie ningebaki Mtoni na yeye angekuwa ng'ambo ya mto Rufiji, na Mungu ndiye angejua lini tungeonana.

Hapo ndipo baba mdogo alipotukumbuka. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, akikaa Mwananyamala. Tangu matanga ya baba hatukumwona Mtoni hata kwa sikukuu, ijapokuwa Mwananyamala na Mtoni havitenganishwi na bahari. Sasa akaja na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa. Nikampa shikamoo, akaipokea akiwa anatazama ukuta. Akamwambia mama kwamba ana rafiki yake mwenye duka la vyuma, mtu mzima, ana wake wawili na nafasi ya wa tatu, na kwamba ameshampa neno. Neno lenyewe lilikuwa mie.

Inabidi nieleze, maana vijana wa leo hawaulizi mambo haya mpaka yawafike shingoni. Kwetu msichana haolewi bila walii, mwanamume wa ukoo wake anayemkabidhi kwa mume. Baba akiwepo ni baba. Kama hayupo ni kaka. Baba mdogo anakuja nyuma ya kaka. Hakuwa na uwezo wa kunilazimisha niolewe na rafiki yake; sheria haikumpa. Lakini kama yeye ndiye angekuwa walii, angeweza kunizuia. Angekunja mikono tu, na ndoa yangu na mwalimu isingefungwa.

Mama akamwambia walii yupo, ni kaka. Baba mdogo akatabasamu.

"Kaka yake yuko ng'ambo ya bahari," alisema. "Mtu aliye mbali kama vile ni kama hayupo. Walii ni mie, na huyo mwalimu mie simtaki."

Ni kama hayupo! Kaka yangu mzima, mwenye afya yake, anayekula na kulala na kumwombea mama dua, amefutwa hai mchana kweupe na mtu ambaye hata kwenye safari yake hakuja kumsindikiza. Nililia usiku ule, si kwa huzuni, kwa hasira. Tungefanya nini? Mama alikuwa ameshampelekea kaka barua kumtaka ridhaa yake, lakini barua za Bombay zilichukua wiki na wiki. Na barua ile inapanda ndege ileile! Mpaka leo sijaelewa ilikuwa inafanya nini njiani.

Asubuhi nikaenda mjini, kwenye ofisi moja inayokata tiketi za ndege. Sikuwa na shida ya tiketi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, Bombay ni mbali kiasi gani, ili mtu asinidanganye. Karani alikuwa kijana wa tai, ana ramani kubwa ukutani nyuma yake. Akaniuliza nasafiri lini. Nikamwambia sisafiri. Akaniuliza nani anasafiri. Nikamwambia hakuna, nataka kujua umbali. Akawageukia wenzake, wakacheka, na wateja kwenye mstari nao wakachekea mikononi. Nikasimama palepale. Kucheka hakuui, na mie nilikuwa na sababu ya kusimama.

Alipoona sitoki akanionyesha ramani. Kulikuwa na mstari mwekundu umevutwa juu ya buluu tupu, kutoka Dar mpaka Bombay, hauna kona wala mto. Akasema maili ni maelfu, lakini ndege inaruka kama saa sita. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: kule jua linatangulia kutoka. Anayeondoka Bombay asubuhi anafika Dar asubuhi hiyohiyo, bado jua halijafika kichwani. Nikamshukuru. Njiani nikawa nalirudiarudia lile jambo mdomoni mpaka likakaa vizuri. Alfajiri Bombay, Adhuhuri Mtoni.

Wiki ile mama akamwita sheikh wa msikiti wetu aje aamue. Alikuwa mtu mfupi, mchache wa maneno, na yeye ndiye aliyepewa madaraka ya kadhi katika mambo ya ndoa pale Mtoni. Wanaume wakakaa mkekani sebuleni: sheikh, baba mdogo, mwalimu wangu na mzee aliyemsindikiza. Mama na mie tukawa chumbani, nyuma ya pazia.

Baba mdogo akaanza. Wallahi, sijawahi kusikia bahari ikipanuliwa namna ile. Akataja maili, akataja kina, akataja mabaharia wa zamani waliokwenda Bombay wakarudi watoto wao wameshaota ndevu. Kila sentensi ilimsukuma kaka yangu mbali kidogo, mpaka nikaona akimaliza tutakuwa hatuna kaka kabisa. Mwalimu alikuwa kimya, kama adabu ilivyomtaka. Mzee wake naye kimya. Nikaona hakuna atakayesema, na maisha yanayokatwa ni yangu.

"Sheikh, nisamehe," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Ndege ni saa sita. Kaka anasali Alfajiri Bombay, Adhuhuri anasali na nyie hapa Mtoni. Lindi ni siku mbili barabara ikiwa kavu, na sijasikia mtu akisema jamaa zetu wa Lindi ni kama hawapo."

Mama alinifinya paja mpaka nikaruka. Baba mdogo akasema ndiyo hasara ya kuwasomesha watoto wa kike. Sheikh akamuuliza, mtu akisafiri kutoka Bombay mpaka hapa, anapunguza sala kama msafiri wa mbali anavyoruhusiwa, au hapunguzi? Baba mdogo akajibu mbio kwamba anapunguza, safari kubwa kama ile! Sheikh akaligeukia pazia akaniuliza na mie. Ningesemaje? Nikasema anapunguza.

Sheikh akasema basi imekwisha. Safari inapimwa kwa umbali wake, haipimwi kwa wepesi wa chombo. Hata mtu akifika kwa kufumba na kufumbua, mbali ni mbali, na walii wangu yuko mbali.

Kwa hiyo saa sita zangu si kitu? Nimekwenda mjini nikachekwa na watu wenye tai ili nije kuambiwa hivi? Kupitia upenyo wa pazia nilimwona baba mdogo anachukua kofia yake, anajiweka sawa, uso umemjaa ushindi. Alikuwa ameshaanza kuaga.

"Kaa, bwana, sijamaliza," sheikh akamwambia. "Walii akiwa mbali hivyo, uwalii hauji kwako. Unakwenda kwa kadhi, na hapa Mtoni kazi hiyo nimepewa mie. Mwalimu, njoo Ijumaa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Baba mdogo alibaki ameshika kofia hewani. Alikuwa amehangaika jioni nzima kumpeleka kaka yangu mbali, na sasa amempeleka mbali mno. Nilidhani atanyamaza kwa aibu. Thubutu! Akaiweka kofia chini, akakohoa, akageuka kinyonga mbele ya macho yetu.

"Lakini sheikh, dunia ya leo siyo ya zamani," akasema. "Ndege ni saa sita tu. Kijana anasali Alfajiri Bombay, Adhuhuri yuko hapa na sie. Huyo ni mtu wa karibu. Si tumngoje?"

Maneno yangu! Yaleyale, kwa mpangilio uleule, yametoka mdomo uleule ulioyadharau muda si mrefu. Alijua vizuri kwamba kaka hana tiketi. Alitaka tumngoje mtu asiyeweza kuja, mpaka mwalimu aondoke zake Lindi peke yake, kisha aturudie na rafiki yake wa vyuma. Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. Alikuwa hajasema neno tangu kikao kianze.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama alisema.

Mzee wa mwalimu akacheka kwa sauti, akajifanya anakohoa. Sheikh naye nadhani alicheka, kwa maana alikaa kidogo kabla ya kujibu. Akamwambia baba mdogo kwamba kama kaka ni wa karibu, basi amlete Ijumaa. Akifika, atamwoza dada yake mwenyewe. Asipofika, yuko mbali, na shughuli itaendelea.

Ijumaa ikafika. Majirani walikuja kukuna nazi toka asubuhi, mwalimu akaja na kanzu ya kuazima iliyomzidi mikono. Baba mdogo akapita kutuarifu kwamba anakwenda kiwanja cha ndege kumpokea kaka, na kwamba ndoa isifungwe mpaka arudi. Huo ndio ulikuwa mtego wake wa mwisho. Sheikh akasema haina neno, tutamngoja mpaka Alasiri. Kiwanja hakiko Bombay.

Nilikuwa chumbani nimepakwa hina, siruhusiwi kutoka. Mchana tukasikia mngurumo. Ndege ikapita juu ya bati letu, chini kama kawaida. Mama alishika kifuniko cha chungu akasahau kufunika. Najua ni upuuzi. Nilijua kaka hana tiketi, nilijua baba mdogo ni mwongo, na juu ya hayo nikautegea mlango sikio. Kwa dakika ile nilitamani uongo wa baba mdogo uwe kweli. Nilitamani mlango ufunguliwe kaka aingie na vumbi lake la safari, anishike kichwa, aseme tuanze.

Baba mdogo alirudi peke yake, kanzu imelowa jasho. Akasema labda ndege inayofuata. Sheikh hakumtazama hata mara moja. Alinyoosha mkono wake, akaushika mkono wa mwalimu kama inavyotakiwa, akamtamkia maneno ambayo kaka yangu alipaswa kuyatamka. Tukaoana. Wiki haikwisha tukapanda basi la kusini palepale mbele ya nyumba yetu.

Jibu la kaka lilitufikia tukiwa kijijini. Mama alikuwa amelituma kwa mtu wa basi. Kaka aliandika kwamba ameridhika, ameridhika kabisa, na kinachomuuma ni kimoja tu: kwamba hakumshika shemeji yake mkono. Mume wangu alilisoma akalikunja akaliweka kwenye mfuko wa shati. Akasema hilo ni deni, litalipwa akirudi.

Kijijini kwetu palikuwa na shule ya madarasa mawili, kisima na shamba la pamoja la korosho. Sikulalamika. Tulijenga kwa mikono yetu na tulikuwa tukiamini tunachokifanya. Lakini barabara! Kila mgeni wa serikali aliyekuja alituahidi daraja la Rufiji, tukampigia makofi, tukamchinjia mbuzi, akarudi na gari lake. Mvua ikianza tulikuwa kama tumefungiwa kwenye kabati na mtu akaondoka na ufunguo.

Na kaka, kwa kuwa dunia haina adabu, alipata likizo yake masika. Alikuwa ameongezewa masomo, na kabla ya kuendelea akapewa tiketi ya kuja kumwona mama, wiki mbili, kisha arudi. Habari zilitufikia kwa redio ya mwenye duka, salamu za jamaa: kaka amefika Mtoni, njooni haraka. Tulifunga mizigo jioni hiyohiyo. Mume wangu alitoa ile barua kwenye kitabu alichoihifadhi, akairudisha mfukoni.

Sitaisimulia safari yote, nitatukana. Gari lilikwama, tukashuka tukasukuma, likakwama tena. Tulilala kwenye sakafu ya shule ya watu. Tulipofika Rufiji, mto ulikuwa umemeza barabara, na pantoni imefungwa kamba ukingoni, haivuki. Tukakaa pale na watu wengine kama mia hivi, wagonjwa, wachuuzi, mwanamke mwenye mimba, tunayatazama maji. Kila siku niliona ndege ikipita juu sana, ndogo, inang'aa. Nilikuwa nikiitazama natamani kuirushia jiwe. Tulipovushwa hatimaye, kwa mtumbwi, nilikuwa nimeshaacha kuhesabu siku.

Tukafika Mtoni jioni moja, matope mpaka magotini. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti cha baba, barazani. Alikuwa amejirudisha nyumbani mara tu aliposikia mgeni wa Bombay amekuja na masanduku. Akatwambia kaka ameondoka asubuhi ile.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa kitandani, mapajani ana kitambaa cha hariri alicholetewa. Aliponiona hakuinuka. Akasema kaka yangu alikaa barabarani siku zote zile, kila basi la kusini likipita anasimama anachungulia madirisha, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanamtania. Asubuhi ile, gari la kumpeleka kiwanjani likiwa linapiga honi, bado alikuwa anatazama upande wa Lindi.

"Alisema hataki kitu kingine," mama akaniambia. "Amshike tu shemeji yake mkono."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa na matope, akaupangusa taratibu kwenye suruali. Nikamuuliza mama kaka atakuwa amefika wapi sasa hivi. Mama akasema keshafika, mwanangu. Keshafika, huko kwao sasa hivi watu wamelala.

Nilitoka barazani kwa sababu chumba kilikuwa kinanibana. Baba mdogo alikuwa anajipepea kwa kofia. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema si alishatuambia toka mwanzo, Bombay ni mbali.

Mume wangu alinishika bega, maana ananijua. Lakini sikupiga kelele.

"Bombay ni karibu, baba," nikamwambia. "Mbali ni hapo Rufiji."